Namna ya Kuwa Msusi wa Viondo Baada ya Kuhama Machakos

Sharti la kwanza la kufungua biashara ya ususi ughaibuni ni kwamba usiwe umewahi kusuka chochote ulipokuwa nyumbani. Kule Kathiani au Masii, susu, yaani bibi yako, alipokuita umsaidie kusokota nyuzi, ulikuwa na mtihani, au mpira, au tumbo linauma. Kiondo kilikuwa chombo cha kupeleka mahindi poshomili, na siku ulipopata nafasi ya chuo Nairobi ulinunua begi la mgongoni ili watu wasijue umetokea wapi. Hayo yote ni maandalizi mazuri. Aliyesuka tangu utotoni anaijua kazi ilivyo, na hawezi kuizungumzia kwa ile furaha ambayo wateja wanaitaka.

Sasa uko Minneapolis au Leeds. Baridi imekufungia ndani, zamu za kutunza wazee zimekumaliza kiuno, na ndani ya treni umemwona mama wa Kizungu ana kiondo begani. Umemuuliza alikinunua kwa bei gani, naye akakuambia. Uliposhuka kituo kilichofuata, ulikuwa tayari mrithi wa sanaa ya kale ya Ukambani.

Kabla hujachagua jina la duka, soma kibali chako cha kuishi. Uingereza haimruhusu mwenye visa ya mwanafunzi kujiajiri, hata kama biashara yenyewe ni vikapu vitatu na meza ya kukunja. Marekani nayo haimtazami kwa jicho zuri mwanafunzi wa kigeni anayeendesha biashara. Kama kibali chako kinakuruhusu, Waingereza wanakuachia pauni 1,000 za mapato ya biashara kwa mwaka wa kodi kabla hawajataka ujisajili. Kuna watakaokushauri uandikishe duka kwa jina la shemeji mwenye pasipoti ya huko. Usifanye hivyo. Biashara ikifa, shemeji atasahau. Ikinawiri, atakumbuka.

Kinachofuata ni hadithi, na hapa usibane matumizi. Mnunuzi wa ng'ambo hanunui kiondo peke yake; ananunua kadi ndogo iliyofungwa kwenye mkanda. Kadi iseme kwamba umekulia katika nyumba iliyojaa nyuzi na nyimbo. Nyimbo hizo hukuzisikia kwa sababu redio ilikuwa juu, lakini nyuzi zilikuwepo kweli, na ulizikanyaga mara nyingi. Jiandae pia kwa maswali mawili ambayo hayakwepeki. La kwanza: je, kimetengenezwa na Wamaasai? La pili: je, ni kama vile vikapu vya Bolgatanga, Ghana? Kwa swali la kwanza utashawishika kukubali, maana Mmaasai anauza. Kataa. Ukikubali leo, wiki ijayo mteja atarudi akitaka umwonyeshe namna ya kuruka.

Ukihitaji babu wa kuegemea, yupo wa kweli. Mutisya Munge wa Wamunyu, huko kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, alichukuliwa na Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akafika Tanganyika. Hakuomba visa, wala hakuna aliyemuuliza kama anapenda kusafiri. Huko aliwaona wachongaji wa vinyago, na vita vilipokwisha akarudi Wamunyu na ufundi huo. Jamaa zake wakaufuata, kisha majirani, hadi Wakamba wakajaa Gikomba na Mombasa wakichonga twiga na vifaru kwa ajili ya watalii. Ushirika wao wa Changamwe ulianzishwa mwaka 1963, na bado unatajwa kwa jina la Akamba. Ndiye mhamiaji wetu mashuhuri zaidi katika biashara ya kazi za mikono. Hata hivyo alifanya jambo moja ambalo mwongozo huu hauwezi kulipendekeza kwa mtu mwenye haraka: alijifunza kazi yenyewe.

Wewe utampigia simu shangazi. Ukiwa Minneapolis, chagua saa ambayo kwako ni jioni ya kupumzika, na kwake ni saa kumi na moja alfajiri.

"Shangazi, nataka viondo ishirini, vya kisasa kidogo."

"Vya kisasa ni vipi, mwanangu?"

"Rangi za udongo. Kijivu, kahawia, kama nyeupe iliyochafuka."

Shangazi atanyamaza. Kikundi chake cha akina mama kimejivunia miaka yote rangi ya waridi na ile bluu inayoonekana kutoka ng'ambo ya bonde, na sasa mtoto wa chuo anataka kiondo chenye rangi ya barabara ya Mwala wakati wa kiangazi. Lakini atakubali. Atakumbusha tu kwamba mkonge umepanda bei, kwamba jani lazima likwanguliwe, nyuzi zianikwe, zisokotwe pajani, na kwamba kiondo cha nyuzi nyembamba kinamla msusi majuma. Halafu ni msimu wa kupanda. Jibu sahihi kwa maneno haya yote ni: "Ijumaa itawezekana?"

Usafirishaji ni sura inayochosha, kwa hiyo nitaipitia mbio. Viondo huingia kimoja ndani ya kingine, na kwa sababu hiyo hakuna mama wa Kikamba atakayekubali kile cha ndani kabisa kisafiri kitupu. Mwambie asiweke mahindi ya muthokoi wala mbaazi. Atasema amesikia. Utazikuta. Ama utazikuta wewe, ama afisa wa forodha, na yeye hajui hata zinapikwaje. Viondo visifungwe vikiwa na unyevu, maana mkonge ukivunda mizigoni hakuna kadi ya hadithi itakayoieleza harufu hiyo. Ile habari kwamba Marekani hupitisha bila ushuru vifurushi vya chini ya dola 800 isahau: msamaha huo ulisitishwa tangu tarehe 29 Agosti 2025. Na ukishawishika kuongeza vinyago vya mpingo, kumbuka kwamba tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti hiyo imo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwaka 2019 walilegeza kidogo, kwamba bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao hizo kwa shehena moja zipite bila kibali. Mpingo ni mzito. Vifaru wawili wanene wanaweza kumaliza ruhusa yote.

Tufike kwenye bei, maana hapo ndipo kipaji chako kitakapoonekana. Tuseme umemlipa shangazi shilingi 1,500 kwa kiondo, na fundi wa ngozi pale mjini 400 kwa mikanda. Unakiuza dola 65, ambazo kwa kubadilisha kwa shilingi 129 zinapita 8,000. Usione haya. Una nauli ya mzigo, ushuru, makato ya jukwaa la mtandaoni, kodi ya meza sokoni, na viondo vinne ambavyo vimekaa ubavu. Hesabu zako ni za kweli, tena ukizipiga vizuri utagundua umebaki na kidogo kuliko ulivyodhani. Tatizo ni kwamba hesabu hizi unaziona wewe tu. Binamu yako wa Machakos mjini, mwenye simu na bando, anaiona ile picha ya kiondo na ile namba 65 chini yake. Ataipeleka kwa kikundi kabla hujamaliza kunywa chai. Usitarajie ugomvi. Utapokea ujumbe mmoja wa sauti kutoka kwa shangazi, wenye salamu ndefu na maombi ya kukutakia baraka, na ndani yake, mahali fulani kati ya afya ya ng'ombe na harusi ya jirani, bei mpya.

Hapo kuna wanaokimbilia njia ya mkato: kuagiza viigizo vya nyuzi za plastiki kutoka Asia, vilivyonyooka kila upande. Kuna watakaokuambia hata Etsy, soko lililofunguliwa mwaka 2005 kwa ajili ya kazi za mikono, liliruhusu mwaka 2013 wauzaji watumie watengenezaji wa nje. Ni kweli. Lakini mteja aliyelipa dola 65 kwa hadithi ya susu ataona kwamba mistari haipindi popote, naye ataanza kumshuku susu. Lipa bei mpya.

Basi biashara imesimama, na ndipo utakapoletewa heshima ambayo hukujiandaa nayo. Maktaba ya mtaa itakuandikia barua pepe ya upole kukuomba uendeshe warsha ya Jumamosi: watu kumi na wawili, chai, na wewe ukiwafundisha kuanza kitako cha kiondo. Malipo ni mazuri. Huwezi kukataa, kwa maana kadi inasema umekulia ndani ya nyuzi.

Kwa hiyo utampigia susu mwenyewe kwa video. Simu ataishika mjukuu mwingine, mwenye umri ule uliokuwa nao ulipokuwa unaumwa na tumbo. Weka kamera juu ya mikono yako, si usoni, maana susu hahitaji uso wako. Atakutazama ukisokota uzi juu ya suruali ya jinzi, atakuambia uivue, uzi unataka paja. Utaanza kitako. Atasema fumua. Utaanza tena, atasema fumua, na mjukuu aliyeshika simu atacheka hadi picha itikisike. Ikifika mara ambayo haongei kitu, ujue unaelekea pazuri, au intaneti imekatika.

Jambo la mwisho la kujiandaa nalo kabla hujapiga simu hiyo ni swali atakaloliuliza katikati ya somo, macho yake yakiwa bado kwenye vidole vyako: hao watu kumi na wawili wanalipa shilingi ngapi kila mmoja, na je, fungu la mwalimu wa mwalimu linatumwa kwa M-Pesa leo au kesho?