Barua ya Wazi kwa Kamati ya Maafa: Hongereni kwa Kutuhesabia Mabati

Chimwaga, Dodoma

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Usimamizi wa Maafa
(ngazi yoyote itakayoipata barua hii kwanza)

YAH: PONGEZI KWA TATHMINI ISIYOCHOKA

Waheshimiwa, kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Sisi wa Chimwaga, pamoja na wenzetu wa Nkuhungu, Chang'ombe, Bahi, Kongwa, Mpwapwa na kokote katika uwanda huu ambako bati la mtu limewahi kuvuka barabara likiwa peke yake, tunayo heshima kuwapongeza kwa kazi ya tathmini. Upepo wetu ni mvivu: hufanya kazi robo saa, ukaondoka. Ninyi mkishaanza kutathmini hamjui kuchoka. Wapo waliopaua upya kwa mkopo wa vikoba, wakamaliza kuulipa, na tathmini yao ingali "inaendelea".

Ili kumbukumbu zenu ziwe sahihi, naomba nieleze uokoaji unavyoendeshwa huku mitaani. Wa kwanza kufika ni mnunuzi wa chuma chakavu. Mvua haijakata, yeye yuko mlangoni na mizani yake, uso umejaa huzuni, anauliza kama hilo bati lililojikunja linauzwa. Nyuma yake ni vijana wenye mapanga. Mwarobaini ulioziba barabara asubuhi, adhuhuri umeshakuwa kuni, na jioni gari linapita bila Serikali kuchoma lita moja ya mafuta. Wanaotafuta jiji linalosafishwa bila bajeti waje wajifunze hapa. Kisha mafundi, ambao bei yao ya kupaua hupanda kwa kasi ya upepo wenyewe. Baada yao balozi na daftari, mwenyekiti wa mtaa na daftari, mtendaji wa kata na fomu, na mwisho kabisa msafara wa magari meupe ambayo vioo vyake havishushwi kwa sababu ya vumbi. Wote wana swali moja: mabati mangapi? Majirani zangu nao si malaika. Mabati kumi na nane yaliyoruka Jumatatu hufika ishirini na tano ikifika Alhamisi. Inaelekea huzaliana angani.

Msafara hauondoki bila nasaha. Tupande miti, tunaambiwa. Hili tunalipenda, maana tangu kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani izinduliwe mwaka 2017, tumeuzoea utaratibu: mche hupandwa na kiongozi, hupigwa picha na mwandishi, huliwa na mbuzi.

Tuchukue tahadhari, tunaambiwa tena. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa tuliyoizoea redioni hutaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, huko Lindi, Mtwara, Unguja na Pemba. Mtu wa Chimwaga akisikia habari za mawimbi hugeukia ukutani akalala. Lakini Mamlaka hiyo hiyo hutoa kila mwaka utabiri wa mvua za Msimu, zile za Novemba hadi Aprili, na kila mchunga ng'ombe hapa anajua mawingu ya kwanza hutanguliwa na nini. Hewa baridi huporomoka kutoka kwenye wingu la radi, ikigota chini husambaa pembeni na vumbi lote la kiangazi, na hapo ndipo mabati huonyesha kama yalipigiliwa au yaliegeshwa tu. Kila mwaka, majira yale yale. Bado tunasomewa taarifa za "upepo wa ghafla". Kwa hesabu hiyo hata Krismasi ni ya ghafla.

Chimwaga, kwa taarifa yenu, tunaujua na upepo wa aina nyingine. Katika ukumbi wetu wa Chimwaga CCM iliteua wagombea wake wa urais mwaka 1995 na tena 2005, na majina mazito yalipeperushwa watu wakitazama. Walau wale walikuwa wanaijua tarehe ya mkutano, wakajiandaa.

Nasaha ya tatu, kwamba tujenge nyumba imara, ndiyo inayoniumiza kichwa. Imara maana yake nini, na nani alikwenda kuangalia? Upepo hausukumi paa tu, huliinua. Ukipita juu kwa kasi hulivuta kutoka juu. Ukiingia kwenye dirisha ambalo halijawekwa kioo hulisukuma kutoka ndani. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Sasa chukua bati jepesi la geji 32, lipigilie kwenye mbao za mbili kwa mbili kwa misumari ya kuhesabu, kisha kenchi zenyewe uzilaze juu ya ukuta zishikiliwe na uzito wake na sala za mama mwenye nyumba. Fundi huyo hakupaua, ametweka tanga. Dawa yake mafundi wazuri wanaijua: lenta inapomwagwa zege, chomeka humo vipande vya nondo nyembamba au waya mnene, acha ncha zake nje, na kenchi ikishakaa zikunje juu yake ufunge. Sidhani gharama yake kwa chumba kimoja inafikia posho ya siku moja ya mjumbe mmoja wa msafara.

Wala Jiji si kipofu. Jaribu kuinua ukuta bila kibali uone: kabla tripu ya pili ya mchanga haijashushwa, rangi nyekundu imeshafika ukutani, X kubwa, na chini yake amri ya kusimamisha ujenzi. Tangu Dodoma itangazwe kuwa Jiji tarehe 26 Aprili 2018, rangi hiyo tunaijua kuliko nembo ya Jiji lenyewe. Jicho la ukaguzi hutazama mpaka wa kiwanja, hutazama stakabadhi, likifika usawa wa lenta linarudi ofisini. Sijasikia mkaguzi aliyepanda ngazi akatikisa kenchi. Sijaona X iliyochorwa kwa sababu ya msumari. Na tusidanganyane kwamba ni umaskini wa wananchi, kwani madarasa nayo huezuliwa, na hayo yalijengwa na Serikali, yakakaguliwa na Serikali, yakakatiwa utepe. Watoto huhamia chini ya mbuyu, ambao haukukaguliwa na mtu.

Wazee wa Kigogo waliishi na upepo huu vizazi na vizazi ndani ya tembe: nyumba fupi, paa bapa la miti na fito, juu yake udongo mzito, upepo haupati pa kushika. Ikaja Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wakahamishiwa vijijini, na bati likawa kipimo cha maendeleo. Simwambii mtu arudi kwenye tembe. Inavuja, ina mchwa, na mlango wake umevunja mapaji ya nyuso za warefu wengi. Ninachoshangaa ni kwamba tulilipokea bati bila kuuliza linafungwaje.

Na msidhani nalilia mabati tu. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe na upepo mkali viliipiga kata ya Mwakata, Kahama. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wakiangukiwa na kuta za tope za nyumba zao. Rais Kikwete alikwenda kutoa pole. Tangu mwaka ule Bunge limetunga sheria ya maafa mara mbili, 2015 na 2022, na hii ya sasa ina kamati kuanzia Taifa hadi kijiji. Inawataka mzuie na mjiandae, siyo kuokoa na kugawa blanketi pekee. Naelewa ugumu wenu: kikao cha kujiandaa hakina msafara wala kamera.

Basi tunaomba. Kibali cha ujenzi kiwe na sharti la kufunga kenchi kwenye lenta, na mkaguzi alione kwa macho kabla bati halijapanda. Mapaa ya madarasa yakaguliwe likizo ya Juni, kabla ya mawingu. Orodha za tathmini zilizokwisha kufanywa zibandikwe ofisi za mitaa, tusome nani aliandikwa na nani alipewa nini. Kama tatizo ni ngazi, hapa Chimwaga ipo. Mkaguzi aje siku yoyote, tutamshikia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Chimwaga