Mwongozo wa Kuitunza Njaa ya Nyumbani

Njaa ya nyumbani haiji siku unayoitazamia. Siku ya kwanza ughaibuni bado una vitumbua ulivyofungiwa na mama, na wiki ya kwanza kila kitu ni kipya. Yenyewe huja baadaye, jioni moja umekula mkate, jibini na viazi, tumbo limejaa hadi unalegeza mkanda, na bado unafungua kabati kutafuta kitu ambacho unajua fika hukukinunua. Mwongozo huu nauandikia kijana wa Tanzania au Kenya aliyehamia Ujerumani, Ubelgiji, Uholanzi au kwa majirani zao, na hakuna agizo humu ambalo mimi mwenyewe silifuati.

Kwanza, usibishane na njaa hiyo. Wapo watakaokuambia ujizoeshe chakula cha wenyeji, na watakutajia ile methali ya nchi ya wenye chongo. Fumba jicho ukitaka, lakini mdomo uache wazi. Mtu anayelala na hamu ya maharage ya nazi hana ugonjwa wa kutibiwa, ana kumbukumbu inayodai haki yake.

Anza na unga. Polenta usiiguse: ni mahindi ya njano, chenga zake kubwa, na ile ya haraka imeshapikwa kiwandani, kwa hiyo inaganda kabla hujaanza kusonga. Unga wa Kimeksiko wa kupikia totia nao uache. Mahindi yake huchemshwa kwa chokaa kabla ya kusagwa, na harufu ile haifichiki hata kwa mlenda. Nenda duka la Waafrika ukaulize unga mweupe wa mahindi. Ukiukosa, semolina ya ngano inasongeka vizuri, na Waafrika wengi wa huku ndiyo wanayoitegemea. Bibi kijijini si lazima aambiwe.

Mwiko uje nao. Vijiko vya mbao vya huku vimetengenezewa mchuzi na supu, shingo zake haziwezi kazi. Halafu jiko la kioo ni laini kama barafu, na ukianza kusonga, sufuria inazunguka pamoja na mwiko. Kunja kitambaa kikavu, kamata nacho ukingo wa sufuria kwa mkono wa kushoto, sogea karibu, kisha tumia bega. Ugali unaosongwa kwa kifundo cha mkono tu hautoki na mabuje yake hayaishi.

Sasa mboga, na hapa nakuomba ujifunze jiografia. Ukiwa karibu na Brussels, nenda mtaa wa Matonge, uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Ukiwa Paris, nenda Château Rouge. Wakongomani ndio waokozi wetu, kwa sababu hawakukubali kuishi bila majani. Katika friza zao utakuta kisamvu kilichotwangwa, kimegandishwa kwenye pakiti, kimeandikwa pondu au saka-saka. Lenga-lenga ni mchicha. Matembele ni matembele. Chukua pakiti za kutosha mwezi mzima, na kisamvu kipikie karanga au nazi bila haraka, hata kama pakiti inakuahidi dakika chache.

Kuhusu samaki nina uchungu, basi nivumilie kidogo. Siku moja utapita kwenye friza ya duka kubwa la Ujerumani ukute minofu myeupe imeandikwa Viktoriabarsch. Huyo ni sangara wetu. Alipandikizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, akala samaki wengi wa asili, na baadaye viwanda vya Mwanza, Kisumu na Uganda vikaanza kumkata minofu ya kupeleka Ulaya. Kichwa na mifupa vilibaki ziwani kwetu, vikaitwa mapanki Mwanza na mgongo wazi Kisumu. Mwaka 2004 filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliionyesha dunia biashara hiyo, na serikali ya Tanzania ilichukizwa nayo waziwazi. Watu walibishana mengi juu ya filamu ile. Mimi linaloniuma ni dogo na la jikoni: mnofu umefika huku salama, bila ngozi, bila mfupa, bila jicho, na sisi tuliokuja nyuma yake tunalilia kichwa. Mtu aliyekulia kando ya ziwa anajua kwamba utamu uko shavuni, na kwamba mchuzi unapata uzito kwenye mifupa.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda sokoni mwenyewe, kwa muuza samaki anayekata mbele ya wateja. Hamburg kuna soko la samaki la Jumapili asubuhi lililoanza mwaka 1703, na miji mingi ina meza yake ya samaki siku fulani ya juma. Omba vichwa vya salmoni. Wenyeji wengi hawavitaki, kwa hiyo bei yake ni ndogo. Pasua kichwa katikati, toa matamvua, osha kwa ndimu na chumvi, kisha kiunge kwa nyanya, bamia na tui. Mnofu wa sangara uache ulale kwenye friza yao.

Sasa begi. Sheria za Umoja wa Ulaya zinakataza abiria kuingiza nyama na maziwa kutoka kwetu, kwa hiyo ile nyama kavu ya shangazi ibaki kwa shangazi. Samaki wakavu unaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yako, maana yake dagaa wa Kigoma wana haki zao kamili za kusafiri. Wafunge kwenye mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, usije ukavaa koti linalonukia Ujiji kazini. Matunda ndiyo yenye huzuni. Tangu Desemba 2019 karibu kila tunda bichi linahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: ndizi, nazi, nanasi, tende na duriani. Embe dodo halimo. Nimeona mama mmoja uwanja wa ndege akinyang'anywa maembe yake, akasimama pale akimweleza ofisa kwa Kiswahili fasaha mti wenyewe uko wapi na ulipandwa na nani.

Usiende na embe, basi, nenda na nazi. Na kama unabeba nazi, beba na mbuzi yake, kwenye begi la kupakiwa, kwa sababu ina meno. Tui la kopo linasaidia siku za kazi. Lakini Jumamosi tandika gazeti sakafuni, kalia mbuzi, kuna. Nazi ikianza kudondoka na ile harufu mbichi kupanda, nyumba nzima inakuwa ya watu wa pwani, hata kama nje kuna theluji. Kamua tui la kwanza uliweke pembeni, mimina maji ya vuguvugu ukamue la pili, hilo la pili ndilo lipikie maharage, na la kwanza limalizie.

Pilau ipike ukiwa na simu wazi. Mwite mama kwa video, mpe shikamoo, kisha elekeza kamera kwenye sufuria na unyamaze. Vipimo vyake havina gramu, ni "kiasi" na "mpaka utakapoona", na anayeona ni yeye. "Mwanangu, hicho kitunguu bado." Utaona kimeshaiva. Atarudia bado. Mwache aamue, kwa sababu rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa kahawia, na wanaokiondoa mapema ndio wanaomalizia kwa manjano, wakapata wali mzuri ambao si pilau.

Kufikia hapa utagundua jambo lililonichukua muda kulielewa. Vyakula vya sufuria vinahamishika. Unavyovikosa kweli ni vile ambavyo hukuwahi kuvipika, ulivyouziwa. Muhogo wa kukaanga uliopasuliwa katikati na kutiwa pilipili. Urojo wa Forodhani, wenye bajia, viazi, embe bichi na chatini ya nazi ndani ya bakuli moja. Kahawa chungu na kashata. Chipsi mayai! Viazi viko, mayai yako, mafuta yako, na bado haifanani. Haifanani kwa sababu umeipika peke yako, jikoni kwako, bila kusubiri kwenye benchi huku mpishi akimhudumia aliyekutangulia na watu wakibishana juu ya Simba na Yanga. Tulivihesabu vyakula hivi kuwa si chakula, ni vya kuzugia njaa, na hakuna aliyetufundisha kuviandika.

Ubuyu ni mfano mzuri. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuingia sokoni kama chakula kipya, na sasa unauzwa kwenye maduka ya vyakula vya afya, mweupe, mkavu, kwa bei ya kushtua. Usiupuuze. Chemsha sukari na maji, tia rangi nyekundu, iliki, chumvi kidogo na pilipili, mimina unga wako wa afya, geuza. Hutapata mbegu za kumumunya, lakini ulimi utakuwa mwekundu. Na embe bichi la chumvi na pilipili ni rahisi kuliko yote: maembe mengi ya maduka makubwa ya huku ni magumu, wateja wanalalamika. Wewe chagua gumu kuliko yote, menya, kata.

Usile peke yako. Chipsi mayai ipike Ijumaa usiku, waite Watanzania, Wakenya na Warundi wa mji wako, waweke kwenye benchi ukiweza kulipata, na uwahudumie kwa zamu. Aliyetangulia apate kwanza. Wabishane.

Mwisho ni safari ya likizo, ambayo wengi huiharibu kwa adabu. Ukitua, utakuta kuku amechinjwa na pilau imeivishwa, maana wewe ni mgeni. Kula, shukuru, rudia sahani. Lakini wiki moja kabla ya kupanda ndege mpigie mama umweleze wazi kwamba siku ya pili unataka dagaa, matembele na ugali wa dona. Atadhani umeishiwa huko uliko, basi mweleze polepole. Siku ya tatu jioni toka na binamu yako hadi kwa muuza mihogo. Pilipili atakutilia kidogo, kwa kukuhurumia, kwa sababu viatu vyako vimemwambia unatoka mbali. Mwambie aongeze.