Sifa za Kadi ya Mahaba ya Kariakoo

Kanga imeshasifiwa vya kutosha, na asumini nayo, na udi, na marashi. Kila anachonunua mwanamume wa Pwani ili kumlainisha mkewe kina mtu wa kukisemea, isipokuwa kadi ya mahaba. Namaanisha ile ya karatasi ngumu iliyokunjwa katikati, yenye waridi jekundu mbele, unga wa dhahabu unaong'ang'ania vidoleni, na ndani maneno ya Kiingereza ambayo mnunuzi haoni haja ya kuyasoma. Leo nasimama upande wake.

Heshima yake inaanzia kwenye tabia za ndugu zake. Dar es Salaam mtu akikukabidhi kadi, mkono wako wa pili unapapasa waleti. Kadi ya mchango wa harusi inakuja na tarehe ya mwisho na namba ya simu ya mweka hazina; ukitoa kidogo unaingia singo, ukijikaza unaingia dabo, usipotoa kabisa unapigiwa simu na shangazi. Kadi ya kliniki inakutaka uhudhurie. Kadi ya gari imelala kwa mkopeshaji mpaka deni liishe. Kadi ya mahaba haina kiwango wala kikao cha kamati. Ni kadi pekee mjini inayotolewa na mtu asiyedai kitu, au angalau asiyedai kwa maandishi.

Anayeihitaji zaidi ni mgeni. Kariakoo hupokea wafanyabiashara kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro, wanaokuja kufunga mzigo wa vitenge, viatu na vyombo. Basi mtu wa Lubumbashi yuko katikati ya kuhesabu marobota, mara anakumbuka kwamba kesho ndiyo tarehe aliyofunga ndoa. Kwao angejua pa kununulia zawadi, au angejua pa kujificha. Hapa ana winga tu, dalali wa mtaani anayemtafutia bidhaa.

Na winga, kwa asiyemjua, hajawahi kusema "hakuna".

"Kadi? Zipo, bosi, twende."

Wanafika Mtaa wa Aggrey, anawekewa memori kadi mezani.

"Si hizi, ndugu yangu. Ya mapenzi."

"Aa, za mchango! Tunachapa hata mia mbili, kesho asubuhi unachukua."

"Ya anivesari. Moja."

Hapo winga anatulia kidogo, kisha anakata kona kama aliyekuwa anajua tangu mwanzo. Wanauvuka Mtaa wa Msimbazi, wanapenya Mtaa wa Kongo kati ya machinga na wabeba mizigo, wanapanda ngazi, wanashuka ngazi. Mgeni huyu amekuwa akija Dar miaka nenda rudi bila kuona zaidi ya gesti yake, duka lake la jumla na ofisi ya wakala wa mizigo. Kadi ya shilingi chache imemtembeza Kariakoo nzima bila malipo, ukiondoa ya soda ya winga. Hata aliyekumbuka usiku asikate tamaa: Februari 2025 ilizinduliwa biashara ya saa 24 Kariakoo, ingawa sijui muuza kadi gani atakesha kumsubiri mume msahaulifu.

Hatimaye inapatikana, kwenye duka la steshenari, nyuma ya madaftari makubwa ya hesabu. Nailoni yake ina vumbi. Upande mmoja wa waridi umepauka kwa jua la dirishani, upande wa pili bado mwekundu, hivyo ua linaonekana kama linaugua nusu. Mgeni anatoa pesa. Muuzaji anamtazama kwa huruma.

"Tunauza dazeni."

Wanaocheka hapa hawajaoa. Mwanamume aliyenunua dazeni amejihakikishia amani ya miaka 12 kwa bei ya jumla, na hakuna mchumi atakayempinga. Ni kweli dazeni zenyewe huchanganywa: nne za kumbukumbu ya ndoa, tano za siku ya kuzaliwa, mbili za kumpongeza mume, na moja ya kumwombea mgonjwa apone. Lakini ndoa ikifika miaka 12 zote zitakuwa zimepata siku yake. Hatari ni moja tu, mke kuzikuta zile 11 kwenye begi na kuuliza ni za nani.

Kuhusu Kiingereza chake, wasomi wanakibeza bure. Mgeni angeweza kwenda Mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya kanga, achague doti kwa rangi, asilisome jina, na afike nyumbani akiwa amebeba kijembe ambacho mama mkwe atakisoma kwa sauti na jirani atakidaka dirishani. Kanga inasema, tena inasema mbele za watu. Kadi inanong'ona kwa lugha ambayo mume hakuitunga na mke hatamhoji kwayo. Imeahidi bahari, nyota na milele. Kesho akiulizwa, atasema aliyeandika ni kiwanda.

Na kiwanda hakijawahi kuhitaji ushahidi. Kule Marekani, Esther Howland wa Worcester, Massachusetts, alianza katika miaka ya 1840 kutengeneza kadi za Valentino zilizopambwa kwa lesi. Akaajiri wasichana, biashara ikakua kweli kweli. Yeye mwenyewe hakuolewa mpaka alipofariki mwaka 1904. Siku hizi bidhaa za namna hii zinatoka zaidi China, kwenye masoko kama ya Yiwu ambayo wafanyabiashara wetu wanayajua kama wanavyoijua Gerezani ya hapa jirani. Kwa hiyo kadi nayo ni msafiri, tena imetoka mbali kuliko mnunuzi.

Safari ya kurudi ndiyo inayoipima. Inachomekwa kati ya vitenge ili isikunjike, inapita Tunduma, inakatiza Zambia mpaka Kasumbalesa. Ikiwa ni ile yenye muziki, ikifunguka kidogo tu ndani ya robota huanza kuimba, na afisa wa forodha anayesikia vitenge vikiimba hana budi kufungua. Hapo mume anaeleza mbele ya foleni nzima kwamba anampenda mke wake. Wangapi kati yetu wamewahi kulazimishwa na serikali kutamka hivyo?

Basi msomaji, ukipita Msimbazi ukamkuta mgeni amekumbatia dazeni ya kadi nyekundu, usimcheke. Mwombe akuuzie moja, rejareja. Nawe tarehe yako huikumbuki.