Plaiwudi ya Nini, Mzee?

Ukienda kununua plaiwudi Eldoret, jiandae kuulizwa swali moja kabla hujamaliza kusalimia: ya nini? Muuzaji haulizi kwa umbea. Kwake plaiwudi haina unene wala bei mpaka ajue inaenda kufanya kazi gani. Ya dari ni nyembamba. Ya kabati la jikoni ina uso laini. Ya kumwagia slabu ni nyeusi na inateleza, ili zege lisigande juu yake. Ya jeneza huzungumziwa kwa sauti ya chini, muuzaji akiwa ameweka mikono nyuma, na bei hushuka kabla hujaomba. Ilifika mahali nikatamani kusema ni ya jeneza.

Yangu ilikuwa ya kupanda.

"Kupanda nini, mzee? Miche?"

Simlaumu. Hii ni Uasin Gishu. Mtu akitaja kupanda, wenzake hutazama mawingu. Nikamweleza kwamba nataka kujenga ukuta wa mbao nyuma ya nyumba, wenye vishikio, binti yangu aukwee kwa mikono na miguu mpaka juu. Akanikazia macho. "Na huko juu kuna nini?" Hakuna kitu. "Sasa akifika?" Anashuka. Akamwita mwenzake kutoka stoo aje asikie.

Lawama zote ni za Olimpiki ya Paris. Tarehe 5 Agosti 2024, mji wetu mzima ulikuwa unasubiri usiku uingie tuone fainali ya wanawake ya mita 5,000. Ndiyo ile ambayo Beatrice Chebet alitwaa dhahabu, Faith Kipyegon akawa wa pili, akanyang'anywa nafasi yake, kisha akarudishiwa, nasi tukaenda kulala tumezeeka. Lakini binti yangu alikuwa ameshapata shujaa wake tangu mchana. Runinga ilikuwa imewashwa tu ikingojea riadha, akamwona Mpolandi anayeitwa Aleksandra Mirosław. Naye alikuwa anakimbia, ila alikuwa anakimbia kwenda juu: ukuta wa mita 15, sekunde 6.06, rekodi ya dunia wakati huo. Mtoto aliyelelewa katika mji wa wakimbiaji akasimama katikati ya sebule akatangaza kwamba mbio zake yeye ni hizo. Tangu hapo tukawa tunamkuta kwenye grili za madirisha. Siku alipofika juu ya kabati la vyombo, mke wangu alinishauri nitafute ukuta kabla hatujatafuta vyombo vingine.

Kuta za kukwea za kulipia ziko Nairobi, na Nairobi si mahali pa kumpeleka mtoto kila jioni baada ya shule. Jirani yangu, mzee aliyekimbia enzi zake, hakuona haja ya mbao hata kidogo. "Kama ni kupanda, si Iten iko?" Ni kweli. Ukitoka Eldoret kilomita 30 na kitu, ukingo wa Elgeyo unakatika ghafla na nchi inaporomoka zaidi ya mita 1,000 hadi bonde la Kerio. Wageni husafiri kutoka ng'ambo kuja kujirusha pale kwa parachuti. Ila huwezi kumwanzishia hapo mtoto ambaye bado anaogopa bata. Mzee akakubali, akanyamaza kidogo, halafu akauliza kwa huruma kama barabara za kukimbilia zimejaa.

Basi nikarudi kwenye plaiwudi. Ajabu ni kwamba hatuishi mbali nayo. Eldoret ni mji unaoitengeneza: kiwanda cha RaiPly kiko hapa hapa, na malori ya magogo tumeyazoea. Gogo huzungushwa huku kisu kirefu kikilichuna ngozi nyembamba moja isiyokatika, ngozi hizo zikakatwa, zikapakwa gundi na kupangwa moja juu ya nyingine, hii nyuzi zake zikienda wima, inayofuata zikienda kando. Matabaka huwa witiri, ili nyuso mbili za nje zivutane sawa na ubao usipinde. Hapo ndipo nguvu inapotoka. Ubao wa kawaida hupasuka kufuata nyuzi zake. Plaiwudi ikitaka kupasuka hivyo, tabaka la jirani linaikatalia.

Mtu akining'inia kwenye kishikio, uzito wake wote unavuta bolti moja itoke ubaoni. Kwa hiyo nilikuwa nataka ya milimita 18, futi nane kwa nne, matabaka mengi, isiyo na mashimo ndani. Hili la mashimo ndilo lililonichosha. Uso wa plaiwudi unaweza kuwa mzuri kabisa huku tabaka la katikati lina pengo la kutosha kidole, nawe hujui mpaka bolti iingie hapo. Dawa yake ni kuchungulia kingo zote nne na kugonga ubao kwa vifundo vya vidole ukisikiliza panapolia tupu. Nikazunguka maduka ya nyuma ya Barabara ya Uganda nikigonga na kutega sikio. Kijana mmoja wa duka akamuuliza mwenzake kwa Kikalenjin kama mimi ni daktari.

Wauzaji wengi walinisukumia marini, ile nyeusi ya slabu. Kama inabeba zege, walisema, itashindwa na mtoto? Haitashindwa. Lakini uso uliotengenezwa ili kitu kisishike si uso wa kumpa mtu anayetafuta pa kushika. Mmoja alinipa chipbodi, akaisifu kwa unyoofu wake. Chipbodi ni unga wa mbao uliokumbatiana kwa gundi, na mvua zetu za Agosti zingeurudisha kuwa unga. Nilipouliza kwa nini bei ziko juu hivi, nikaelezwa habari za marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali, iliyoanza Februari 2018. Nikamkumbusha muuzaji kwamba Rais alitangaza kuiondoa Julai 2023. "Kwenye misitu," akasema.

Ikabaki gundi. Gundi ya plaiwudi ya ndani ya nyumba huwa nyeupe-nyeupe, na maji huiachisha. Ile inayostahimili maji mara nyingi huonekana kingoni kama mistari ya hudhurungi iliyokolea. Lakini rangi inadanganya, maji ya moto hayadanganyi. Niliomba vipande vya masalio kutoka maduka mawili, nikavitia kwenye sufuria, nikawasha gesi.

Mama mkwe wangu huja bila kupiga simu, na ni haki yake. Aliingia jikoni kutafuta maji ya chai, akafunua sufuria, akakuta mti unachemka kwenye supu ya rangi ya chai ya rangi. Yeye ni mtu wa Nandi anayejua miti: upi ni wa tumbo, upi ni wa viungo, upi hunywewa na maziwa. Akainusa. Akaniuliza kwa heshima zote, mwanangu, huu ni mti gani na unatibu nini.

Nikamwambia ni plaiwudi.

Alirudisha kifuniko polepole. Nikaanza kumweleza habari za gundi, naye akawa anaitikia kila neno, jambo ambalo si kawaida yake. Jioni, mke wangu alinionyesha noti ya shilingi elfu moja aliyoachiwa kimyakimya, kwamba nipelekwe nikaonwe na daktari. Daktari wa nini, mama hakusema. Lakini sufuria ilikuwa imetoa hukumu: kipande kimoja kilifunguka matabaka yote yakaelea peke yake, cha pili kikatoka kizima, kigumu, kimekasirika tu kidogo kwenye pembe. Nikaenda kununua cha pili.

Habari za usafiri sitazirefusha. Plaiwudi moja ya unene ule ina kilo zinazokaribia 30, na upepo wa Eldoret unapenda kitu kipana. Tuktuk ilifika, mbao zikafika, na mwenye kibanda cha mahindi choma pale mzungukoni tumeshaelewana.

Tatizo langu la kweli lilikuwa fundi, na tatizo lake lilikuwa kwamba ni fundi mzuri. Alitoboa mashimo kwa mistari, sentimita 20 kutoka moja hadi jingine, bila kuuliza sana. Aliamini ni ya spika za kanisa. Nati zenye meno, zilizotumwa kutoka Nairobi kwa matatu, alizipigilia kwa nyuma kama inavyotakiwa, ingawa alisikitika kwamba kitu kizuri hivyo kinafichwa. Fremu ya mbili kwa sita ilikuwa imara hata ng'ombe angeukwea. Tulikosana kwenye mwinamo. Nilitaka ukuta ulale mbele digrii 15, umfunike kidogo anayekwea, mikono ipate kazi. Nilimchorea. Akaitazama ile karatasi, akaigeuza juu chini, akaitazama tena. Nikatoka kwenda kazini. Niliporudi nikakuta ukuta umesimama wima kabisa, na fundi anaupangusa.

"Nimeunyoosha, mzee. Ulikuwa umeanza kulala."

Nikamwambia ndivyo nilivyotaka. Akachukua pima maji yake, akaiweka kwenye ubao, akanionyesha kipovu kimetulia katikati, kisha akanitazama kama mtu anayemwonyesha mwenzake picha ya mama yake. Alisema amejenga Kapsoya, amejenga Langas, amejenga Elgon View kwa watu wakubwa, na hakuna mahali ameacha ukuta umeinama. "Na sasa hapa ni jiji," akaongeza. Hapo alinibana. Eldoret ilipewa hati ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, na yeye alikuwa amelichukua jambo hilo kama agizo la kazi. Tulikubaliana mwishowe kwa sharti moja: atauinamisha, lakini mtu akiuliza, nimtaje fundi mwingine.

Nadhani ni kwa majonzi hayo kwamba, nikiwa sipo tena, aliupaka vanishi. Zawadi, alisema. Mikono mitatu ya vanishi, uking'aa hata ningeweza kujinyolea ndevu mbele yake. Binti yangu alishika kishikio cha kwanza, akaweka mguu ubaoni, akateremka mpaka kwenye magodoro akicheka. Ilibidi tuupige msasa wote na kuupaka upya rangi iliyochanganywa na mchanga laini, ili kiatu kipate pa kung'ang'ania. Fundi alichekecha mchanga ule huku anatikisa kichwa. Watu humlipa, alisema, atoe mchanga kwenye rangi.

Ukuta sasa unafanya kazi. Vishikio tulichonga kwa masalio ya mkaratusi, watoto wa mtaa wanakuja na foleni yao, na mzee wetu wa riadha huketi kando na saa ya kusimamisha akipiga kelele za mzunguko wa mwisho. Ila binti yangu ameshaumaliza. Fundi alipokuja kuchukua salio lake, binti alimzuia mlangoni akamuuliza ule wa Paris ungegharimu kiasi gani. Fundi alichutama, akapiga hesabu udongoni kwa kijiti: kimo mita 15, upana mita 3, plaiwudi 16, na masalio ya kibanda cha kuku. Kisha akaniuliza, kwa tahadhari, kama na huo wa Olimpiki umeinama.

Nikamwambia umeinama digrii tano.

Akafikiri sana. "Tano si mbaya," akasema. "Tano tutasingizia udongo."