Jinsi ya Kuozesha Ukuta Kabla ya Machi

Hongera kwa kununua nyumba Mesquite, mashariki ya Dallas. Picha umeshazituma nyumbani, na mama amesifu matofali: hatimaye mtoto kapata nyumba ya kudumu. Usimwambie kwamba tofali la huku mara nyingi ni koti tu. Nyuma yake kuna upenyo wa kama sentimita mbili na nusu, kisha utando wa kuzuia maji na fremu ya mbao, na mbao hizo ndizo zinazobeba paa. Mvua ikipiga, maji hupenya kwenye matofali, huteremka ndani ya upenyo huo na kutokea kwenye vitundu vilivyoachwa kwenye safu ya chini. Aliyejenga alijua kwamba maji yataingia. Kazi yako msimu huu wa baridi ni kuhakikisha hayatoki.

Anza na hivyo vitundu. Utaviona ukichuchumaa: nafasi nyembamba kati ya tofali na tofali, ambazo fundi aliziacha bila saruji kwa makusudi. Wewe usiamini makusudi ya fundi. Mtu makini halali katika nyumba yenye matundu, tena nyigu na mijusi wameshahamia. Katika jimbo lenye bunduki nyingi kama Texas, nawe nunua yako, ile ya kupigia silikoni, uzibe kitundu kimoja baada ya kingine, usisaze. Shemeji aliyejenga Kitengela, ambaye hakuna asilolijua, atakusifu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Maji yatatuama ndani, mbao zitalainika polepole, ukungu utaota mahali usipopaona, na hutajua lolote mpaka wageni waanze kuuliza sebuleni kunanuka nini.

Ukibakiwa na nguvu, paka ukuta mzima rangi nzito isiyopitisha unyevu. Wenyeji wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanalijua somo hili vizuri. Kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa zilizoea kulowa na kukauka zenyewe. Zikapigwa plasta ya saruji, unyevu ukakosa pa kutokea, na plasta ikaanza kubanduka vipande vipande. Wao walihitaji bahari na miaka mingi. Wewe una Home Depot na wikendi moja.

Baridi ya hapa nayo itakusaidia, maana haina msimamo. Mchana unatembea na fulana, jioni upepo wa kaskazini unaingia bila hodi, usiku kila kilicholowa kinaganda. (Kaskazi ya Lamu ilileta majahazi, hii huleta bili.) Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na tofali lililoshiba maji, likiganda na kuyeyuka mara kwa mara, hubanduka uso. Kwa hiyo vinyunyizio vya bustani usivizime. Viache vijiwashe alfajiri kama vilivyopangwa Julai, na vielekeze ukutani.

Mpira wa kumwagilia maua uache umefungwa kwenye bomba la nje, maji yakiwa ndani. Februari 2021 uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth ulipima nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri, mamilioni ya Wateksasi wakakosa umeme, na mabomba yakapasuka jimbo zima. Uzuri wa bomba lililopasukia ndani ya ukuta ni kwamba halipigi kelele. Linangoja barafu iyeyuke.

Udongo? Huo hauhitaji kufundishwa. Ni mweusi na mzito, wa tabia ileile ya udongo wa pamba unaowatesa wajenzi wa Athi River: ukilowa huvimba, ukikauka hunywea na kupasuka, msingi ukipandishwa na kushushwa nao. Ufa hukwea ukutani kwa ngazi, ukifuata viungo vya saruji. Uharakishe kwa kuacha majani yazibe gata na maji yote yamwagike mguuni pa ukuta. Kisha rundika mboji na maganda ya miti mpaka yafunike vile vitundu. Mchwa watashukuru. Ndiyo, Texas wako.

Ukiona kazi hii ni nyingi, kuna njia ya wavivu. Safisha gata, ongeza kipande cha bomba ili maji yamwagike mbali na msingi, fungua mpira, vika bomba la nje kifuniko chake cha sponji, shusha udongo chini ya vitundu, kisha uviache wazi. Na kama tatizo lako ni nyigu tu, maduka ya vifaa vya ujenzi huuza vipande vya wavu wa chuma vinavyowazuia wadudu na kuruhusu maji na hewa kupita. Vinunue Oktoba pamoja na vifuniko vya bomba. Wiki ya barafu ikitangazwa, rafu huwa tupu.