Nimepata 19 kwa 27

Jamani, mtihani wa mwisho mimi kufaulu ulikuwa wa darasa la nne, na hata huo mwalimu alisema labda karatasi zilichanganyika. Kwa hiyo mwezi Juni nilipopata 19 kwa 27 nilipiga hesabu kwenye kiganja mara mbili. Asilimia 70. Mimi! Nikaikunja ile karatasi, nikaitia mfuko wa shati upande wa moyo, nikamwonyeshe mama watoto.

Ngoja nianze mwanzo, maana naona ushanunua vocha unataka kuondoka.

Juni ofisini kwetu ni mwezi wa semina. Hela ya bajeti ikibaki hairuhusiwi kulala, lazima ife kabla ya tarehe 30, na njia ya kuiua ni kuwakalisha watu ukumbini, maji ya chupa, sambusa mbili mbili. Mwaka juzi tulifundishwa kuzima moto. Mwaka jana tukafundishwa kuzima moto. Mwaka huu tangazo likasema: Afya ya Akili na Ustahimilivu Kazini. Mimi nilisoma mstari wa mwisho tu, ule wa posho.

Mwezeshaji alikuwa dada mmoja mwanasaikolojia, katoka Dar na blauzi ya Dar. Lushoto Juni unaijua. Tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, ukungu unaingia ofisini bila hodi na kukaa kiti cha mgeni. Halafu dada wa watu kapanda na Noah kutoka Mombo, zile kona za enzi za Mjerumani, wakati mji huu unaitwa Wilhelmstal. Alipofika alikaa dakika kumi kashika kichwa, midomo rangi ya zambarau. Nikamnong'oneza jirani yangu, huyu ndiye kaja kututuliza sisi?

Jirani yangu ni mzee wa stoo. Unamjua, yule anayecheka hadi kaunta inatikisika. Ofisi nzima akipita watu wanachangamka. Leja yake haijawahi kukosea hata msumari. Desemba anastaafu. Mweke pembeni kidogo, tutarudi kwake.

Dada akapata nguvu, akasimama. "Habari zenu?" Ukumbi mzima, nzuriii! "Kuna mwenye msongo wa mawazo?" Hapanaaa! Akatabasamu, akasema mmeanza kunidanganya kabla hata sijawasha projekta. Na kweli. Sisi ndivyo tulivyo. Kisambaa ndiyo kabisa. Mtu anakwambia "onga mshi", unajibu "niwedi". Ng'ombe wako kaporomoka bondeni asubuhi hiyo hiyo, niwedi. Habari ya ng'ombe itasubiri mpaka imalizwe ya mke, ya watoto, na ya mvua.

Akauliza tena, huo msongo mnauona ukoje? Nikanyoosha mkono. Sijui nilitumwa na nani. Nikasema, ni lumbesa.

Watu wakacheka, lakini nilishasimama, ningekaa vipi? Nikaeleza. Gunia la viazi limejaa, limefika mdomoni. Dalali anasema ongeza. Unaongeza. Anasema vika kilemba. Linavikwa kilemba, linashonwa kwa kamba, linatoka na kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, halafu linahesabiwa gunia moja. Wakala wa Vipimo wamekataza, kilo 100 mwisho, lakini nenda shambani uone. Sasa na kichwa changu ndivyo. Ada imo, mbolea imo, marejesho ya saccos yamo, bati linalovuja chumba cha watoto limo. Limejaa. Hapo ndipo bosi anaingia na "kajambo kadogo tu", anashona kilemba.

Dada akaandika LUMBESA kwenye chati kubwa, herufi za kijani. Neno langu! Ubaoni! Bosi akaandika na yeye, kwenye kidaftari chake, na sikupenda alivyoandika.

Kwa kweli dada alijua kazi yake. Alisema mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitambua rasmi ule uchovu wa kazi unaokula mtu. Si ugonjwa, alisema, ni hali inayoletwa na msongo wa kazini usiodhibitiwa, na dalili zake ni tatu. Umechoka hadi kwenye mifupa. Kazi yenyewe inakukinaisha, unaitazama kwa mbali na kejeli. Na unachofanya hakiendi. Nikamgusa mzee wa stoo. Zote tatu ninazo tangu barua ya ajira, mie nilidhani ndiyo utumishi! Akacheka, akafuta miwani.

Akasema sonona na wasiwasi vinapoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka duniani. Bosi akanigeukia. Jamani, bilioni 12 na mimi peke yangu? Tena hiyo sonona nilikuwa sijaielewa hadi chai. Nilidhani ni jina la mtoto wa kike, nikawa najiuliza kamkosea nini huyu dada.

Halafu akataja Lutindi. Ukumbi ukaanguka kicheko. Huku milimani ukimwambia mtu utapelekwa Lutindi huo ni ugomvi, kama wengine wanavyosema Mirembe. Yeye hakucheka. Akatungoja tumalize, na kungojwa hivyo kunauma. Akasema Lutindi, hapo upande wa Korogwe, ilianza 1896. Wamisionari wa Kijerumani waliweka kituo cha watoto waliookolewa utumwani. Miaka michache baadaye ikawa mahali pa kutunza wagonjwa wa akili, leo iko chini ya KKKT na ni moja ya hospitali kongwe za aina yake Afrika Mashariki nzima. Zaidi ya miaka 100, akasema, watu wanapanda kule wanapata nafuu wanarudi kwao, na nyinyi mnaitumia kama tusi. Kimya. Akaendelea, pamoja na dawa, wagonjwa wanapewa kazi za mikono na bustani, zinasaidia kupona.

Hapo nikashindwa. Nikauliza, samahani dada, kule wanalima wanapona, mimi nalima naugua, tofauti iko wapi? Akasema tofauti ni dalali. Ukumbi ukalipuka. Nilikaa chini nimepigwa, lakini nimepigwa vizuri.

Baada ya sambusa akatupa habari ya Zimbabwe. Mwaka 2006, Harare, mtaa wa Mbare, daktari mmoja wa akili anaitwa Dixon Chibanda aliona wagonjwa wengi na madaktari wa kuhesabu vidole. Akawafundisha bibi 14. Bibi hasa, wenye wajukuu na vitambaa vya kichwa. Wakawekewa mabenchi nje ya kliniki, mtu anakuja, anakaa, anasema, bibi anasikiliza. Utafiti ukafanyika, ukatoka 2016, ukaonyesha waliokaa kwenye mabenchi wamepata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Na wale Washona hawasemi sonona. Wanasema kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Nikasema mbona hiyo yetu! Sisi mtu akikonda, hali, halali, tunasema nini? Ana mawazo. Tunasema hivyo, tunasikitika, tunaendelea na bao.

Ila nilikuwa na shaka moja. Mimi benchi la kahawa pale stendi nimekalia miaka 20. Nilichopata ni kibanzi na deni la kashata. Labda kwa kuwa hakuna bibi. Wote pale tunaongea, anayesikiliza ni muuza kahawa peke yake, na yeye anasikilizia senti.

Sasa ndiyo ikaja ile karatasi.

Maswali 9. Dada akaeleza, mimi nilikuwa nahangaika na kiatu. Nilisikia tu kila swali linajibiwa kwa namba, 0 hadi 3, jumla 27. Hakuna kuandika jina. Nikapapasa mfuko, miwani sina. Nimeiacha nyumbani juu ya gunia la pumba, naiona kabisa ilivyokaa. Karatasi mbele yangu ni sisimizi wamejipanga. Ningesema? Mbele ya bosi? Baada ya lumbesa? Hapana. Nikafanya nilichofanya tangu shule ya msingi. Nikageuza shingo taratibu, nikapiga chabo kwa mzee wa stoo.

Sikuchagua ovyo. Mtu wa leja huyo, hakosei. Na mwandiko wake ni wa stoo, namba kubwa kama za mlango wa nyumba. 3, 2, 3... nikashusha zote 9, hadi ya mwisho, ile 1. Nikajumlisha. 19. Nikaona kwa jirani wa kushoto, dogo wa tehama, 4 tu. Nikamhurumia. Digrii yote hiyo, 4.

Dada akasema kwa upole, wenye 10 kwenda juu, nitakuwa chumba cha pembeni, karibuni mmoja mmoja tukipumzika. Nikajua, zawadi hizo. Nilikuwa wa kwanza mlangoni. Shati nimechomekea. Nikageuka kumwita mzee wa stoo twende wote, maana haki yake ile, nikaona mgongo wake unatokomea kwenye ukungu kuelekea stoo.

Ndani, dada akasoma karatasi yangu. Akavuta kiti kikawa karibu. Nikasema, nadhani nimefanya vizuri. Akasema, umefanya vizuri kuja. Halafu kwa sauti ya chini: "Swali la 9 umeandika 1. Ningependa tuongee kuhusu hilo."

Nikamwomba anisomee, nimesahau miwani. Akanisomea. Lile swali silileti hapa dukani. Linauliza kama kuna siku katika wiki 2 zilizopita umeona afadhali usiwepo. 1 maana yake siku kadhaa. Na zile 3 nilizozipenda maana yake karibu kila siku. Halali, karibu kila siku. Hana hamu na kitu, karibu kila siku.

Miguu ikaisha. Nikasema dada, hizi si zangu. Ni za rafiki.

Akatikisa kichwa taratibu, macho ya huruma. Kumbe kila anayekaa kile kiti ana rafiki. Nikasema kweli, nimenakili! Akasema hakuna aibu hapa. Kadiri nilivyokataa ndivyo alivyonielewa. Mwisho nikauliza, haya, huyo rafiki anaambiwaje? Akasema muulize wazi wazi, kwa maneno yaleyale. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, watu wengi huona afadhali wameulizwa. Halafu nyamaza. Usitoe ushauri. Usimwache peke yake na hilo. Na mlete hospitali. Akaandika kadi ya miadi, Alhamisi saa tatu asubuhi, akaniuliza jina, na mimi kwa uoga nikataja langu.

Nikanunua chai mbili, nikaenda stoo. Mzee kakaa kwenye lile benchi la nje, leja kwenye magoti, nyuma ya leja kajaza hesabu za kikokotoo cha mafao yake, kafuta, kajaza tena.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Chai ya pili ya nani?"

"Yako."

"Leo kuna msiba gani?"

Nikakaa. Nikasema habari za siku. Nzuri. Nikasema, za kweli? Akaanza kile kicheko chake, nikamkatiza, nikamuuliza lile swali la 9, yaleyale maneno. Kisha nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Fuso likapita na kabichi, nikazihesabu. Nilifika 40.

"Nani kakwambia?" akasema.

"Karatasi."

"Hatukuandika majina."

"Nilikuangalizia, mzee."

Akanitazama. Halafu akacheka, lakini si kile cha kaunta. Hiki kilikuja na kikohozi na machozi, na mengine ya yale machozi hayakuwa ya kicheko. "Yaani na hili umeshindwa kufanya mwenyewe?"

"Miwani, mzee."

"Ulipata ngapi?"

"19."

"Basi ulinakili sawasawa."

Akaongea hadi ukungu ukafika kwenye benchi. Ya Desemba. Ya nyumba tangu mkewe atangulie, na jinsi saa nane ya usiku ilivyo ndefu. Mengine ni yake. Mimi sikusema kitu, si kwa hekima, sikuwa nacho. Tukatoka wote, nikamfikisha kwa mwanawe, na mwanawe akaambiwa, na mzee mwenyewe ndiye aliyesema. Gari la mwisho likaniacha. Nikatembea hadi nyumbani nikitetemeka kama dada wa Dar. Mama watoto akafungua mlango: posho iko wapi? Nikasema wameahidi kuingiza benki. Akasema ahaa. Ile ahaa unaijua.

Alhamisi tunakwenda. Miadi ina jina langu, mgonjwa ni yeye, kwa hiyo itabidi tuingie wawili wawili. Kaniambia nisisahau miwani.