Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha Juu ya Neno "Kadiri"

Mgololo, Wilaya ya Mufindi,
Mkoa wa Iringa,
28 Juni, 2024.

Kwa Mheshimiwa Dkt. Mwigulu Lameck Nchemba,
Waziri wa Fedha,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu, ambazo huku kwetu huanza kwa "kamwene" na ambazo, kwa fadhila za Mwenyezi Mungu, bado hazijapangiwa tozo, naomba unitegee sikio kwa dakika chache, mimi mlipakodi nisiye na jina, karani mstaafu wa bohari, mpangaji wa chumba na sebule katika nyumba yenye wapangaji wanne na mita moja ya umeme, nisiye na shahada ya uchumi, wala kiti katika jumba la Dodoma, wala swali la msingi lililopewa namba, bali mwenye redio ndogo ya betri na wakati tele wa kuisikiliza.

Tangu Aprili hadi juma hili nimekuwa mwanafunzi mwaminifu wa kipindi cha maswali na majibu. Saa tatu asubuhi, ukungu wa Mufindi ukiwa bado umejilaza juu ya misonobari, nami nimekumbatia kikombe cha chai kwa viganja viwili kama afanyavyo kila mtu wa nyanda hizi mwezi wa Juni, nimekuwa nikiyangojea kwa shauku yale maneno ya ufunguzi, kwamba kwa niaba ya Waziri wa Fedha fulani anaomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo. Nakiri kwamba katika umri wangu wote sijakutana na fasihi iliyokamilika kiasi hicho. Maana shairi hudai vina, hadithi hudai mwisho, na hata kitendawili hudai mtegaji awe na jibu lake, lakini jibu la Serikali halimdai msemaji wake kitu chochote. Kwanza Mbunge hupongezwa kwa jinsi anavyowapigania wananchi wake. Kisha Serikali hutambua. Baada ya kutambua hufuata mchakato, na ndani ya mchakato mna upembuzi yakinifu, na mwishoni kabisa, kama kilemba juu ya kichwa cha bwana harusi, hukaa yale maneno matukufu: kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu. Akithubutu Mbunge kuuliza swali la nyongeza, hualikwa kwa ukarimu waonane na Waziri baada ya kipindi, na huko waonanapo redio yangu haifiki.

Neno hilo "kadiri" ndilo lililonishikisha kalamu. Wazee wetu walilipokea kutoka Kiarabu pamoja na ndugu yake "kadari", moja likiwa na maana ya kipimo na la pili likiwa na maana ya lile aliloandika Mola lisilofutika, na sisi wa Mgololo, kwa kuyasikia majibu ya miaka mingi, hatujui tena mpaka wa ndugu hao wawili uko wapi. Lakini limo pia katika jina la kile kijisanduku kilichotundikwa ukutani mwa korido yetu, LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia. Basi, Mheshimiwa, tunazo kadiri mbili katika nchi moja: kadiri yako, ambayo hungoja hali iruhusu, na kadiri yetu, ambayo ikiisha taa huzimika.

Niruhusu nikutembeze katika korido hiyo. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo katika mita, shilingi 1,000 kwa mwezi hapo mwanzo na shilingi 1,500 tangu mwaka jana, kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, nayo hukatwa kwa yule anayetangulia kununua umeme mwezi unapoandama. Sisi tuko wanne: mimi, fundi wa kupasua mbao, kijana wa bodaboda, na mama mmoja muuza vitumbua. Ukifika usiku wa tarehe mosi, uniti zikiwa zimekwisha, nyumba yetu huingia katika ukimya wa kidiplomasia ambao hata Umoja wa Mataifa ungejifunza kwake. Fundi hukumbuka ghafla kwamba ameahidi kulala kwa shemeji yake. Kijana husema simu yake haina salio. Mimi huwasha mshumaa na kudai kwamba macho yangu siku hizi hayapatani na mwanga mkali. Tunakaa gizani, watu wazima wanne, kila mmoja akisikiliza mlango wa mwenzake, hadi saa kumi ya alfajiri mama wa vitumbua, ambaye unga wake hauwezi kukandwa kwa kupapasa, anaposonya kwa nguvu ili sote tusikie, anabonyeza simu yake, na kulipa kodi ya jengo ambalo hamiliki hata msumari mmoja ndani yake. Mwenye nyumba yuko Makambako. Yeye kodi yake ya pango hupokea kamili. Tuliambiwa tangu mwanzo kwamba mpangaji apatane na mwenye nyumba, nasi tulijaribu kupatana, naye akatusikiliza kwa upole mwingi na kutujibu kwamba analitambua jambo hilo na atalifanyia kazi. Nilipoyasikia maneno hayo nilijua kwamba naye ana redio.

Wala siwezi kuilaumu wizara yako peke yake, kwa kuwa lugha yenyewe ilikwisha kutusaliti zamani: Kiswahili hutumia neno moja, kodi, kwa kile apewacho mwenye nyumba na kile ipewacho Serikali, na huenda wataalamu wako waliona ni uchoyo kuwalipisha watu wawili kwa neno moja.

Maadamu nimegusa maneno, stahimili kidogo udadisi wa karani aliyezeeka na kamusi. Ushuru, kwa asili yake ya Kiarabu, ni fungu la kumi. Leo kodi ya ongezeko la thamani ni 18 katika kila 100, na si haba, kwani ilipoanza mwaka 1998 ilikuwa 20; kwa hiyo kumi ya wahenga imenenepa kwa kadiri ya karne zilizopita, nasi hatuna kinyongo. Lakini neno linalonihuzunisha ni hongo. Karne ya 19, misafara ya pwani ilipopita Ugogo, yaani nchi ile ile ambayo juu yake limejengwa jiji lako la Dodoma, ililipa hongo kwa watemi mchana kweupe, kwa vitambaa na shanga, baada ya siku kadhaa za ubishi. Ilikuwa kodi halali, haikuwa rushwa, na kilichonunuliwa kilionekana: mlipaji alikabidhi doti zake asubuhi na wapagazi wake wakanywa maji kisimani jioni. Wasafiri wa Kizungu walilalamika sana katika vitabu vyao juu ya ughali wa hongo ya Ugogo, ila hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba mtemi alimwambia maji yatapatikana kadiri hali itakavyoruhusu. Neno hilo leo limeshuka daraja, limekuwa la aibu na la jinai, na mahali pake pamekaa tozo, neno lenye adabu zaidi na kisima cha mbali zaidi.

Tozo ya miamala ya simu tunaikumbuka vizuri. Tarehe 15 Julai 2021 tuliamka tukakuta kutuma na kutoa pesa kumewekewa tozo kuanzia shilingi 10 hadi 10,000, juu ya makato ya kampuni za simu, na mzee mmoja jirani yangu, aliyetumiwa na mwanawe pesa ya mbolea, alisimama mbele ya dirisha la wakala akiihesabu mara tatu, si kwa sababu hajui hesabu, bali kwa sababu aliijua. Kelele zilipozidi, Septemba ya mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata kiwango cha juu kikashushwa hadi 4,000, na Septemba 2022 baadhi ya tozo zikafutwa na nyingine zikapunguzwa. Tuliambiwa kwamba fedha ile ilijenga vituo vya afya na madarasa, na sina sababu ya kubisha, kwa kuwa madarasa mapya nimeyaona kwa macho yangu na watoto wamo ndani. Nilichojifunza ni kitu kingine: kwamba tozo iliyowekwa kwa haraka inaweza pia kuondolewa kwa haraka, bila upembuzi yakinifu, pale inapopigiwa kelele, kumbe hali ya fedha nayo huwa na masikio.

Sasa nije kwenye barabara, maana barua kutoka Mgololo isiyotaja barabara posta yenyewe haingeipokea. Juni 2023 mikataba ya barabara 7, zenye jumla ya kilomita 2,035, ilitiwa saini kwa utaratibu ambao mkandarasi husanifu, hununua vifaa, hujenga na kugharamia yeye mwenyewe kwanza, kisha Serikali humlipa baadaye. Na barabara yetu, kutoka Mafinga hadi huku Mgololo, kilomita 81, imo. Siku ile tulishangilia. Wino umekwisha kukauka, ila vumbi halijaarifiwa. Malori ya magogo na ya karatasi yanapita, na anayesafiri nyuma yao hufika Mafinga akiwa na rangi moja na mzigo wa kiwanda chetu cha karatasi, ambacho, kama ujuavyo, kilianza kazi mwaka 1985 kwa mikopo mikubwa ya nje, kikiwa na ndoto ya kuiandikisha nchi nzima madaftari, na sasa hutengeneza karatasi ya kaki ya mifuko ya saruji. Ninyi huko Bungeni mmekwisha kuhamia kwenye vishikwambi ili kupunguza karatasi, hatua njema kwa Hazina, na sisi tuliolala na kuamka katika harufu ya mashine za karatasi tumeipokea kwa moyo mkunjufu kama mchonga majeneza anavyopokea habari za watu kupata afya.

Wala usidhani mkoa wetu ni mgeni kwa kiti chako: marehemu Dkt. William Mgimwa, Mbunge wa Kalenga, alikikalia tangu 2012 hadi alipofariki Januari mosi, 2014. Na Katiba tumeisoma. Ibara ya 138 inasema kodi haitozwi ila kwa sheria ya Bunge, jambo linalotutia moyo. Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti, jambo linalowatia adabu Wabunge. Ndipo nikaelewa kwa nini Mbunge aliyeichambua bajeti ya trilioni 49.35 kwa dakika zake zote kama anayechambua mchele wa mawe humalizia, sauti ikiwa imelainika, kwa kusema kwamba anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi langu ni dogo, na halihitaji fungu lolote katika bajeti. Sisi hatuombi kodi ipungue. Tunaomba ruhusa ya kutumia lugha yako. Ofisa wa kodi atakapobisha hodi kwetu, nasi tumsimamishe fundi wetu wa mbao katika korido, avae koti, ainamishe kichwa kidogo na kusoma:

"Mheshimiwa Ofisa, kwa niaba ya wapangaji wenzangu, naomba kujibu dai lako kama ifuatavyo. Kwanza nikupongeze kwa jinsi unavyofuatilia mapato ya nchi hii. Wapangaji wanatambua umuhimu wa kodi kwa maendeleo ya Taifa. Katika kutekeleza azma hiyo, mwaka uliopita walifanya tathmini ya mifuko yao, na kwa sasa mchakato wa upembuzi yakinifu unaendelea. Mara utakapokamilika, deni litalipwa kwa awamu, kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu. Kuhusu swali lako la nyongeza la lini hasa, nakuomba tuonane baada ya hapa."

Nimemfundisha, na ameshika upesi. Shida yake ni pale penye "upembuzi yakinifu", ambapo hucheka. Na kama lugha ni jambo zito mno kutugawia, basi tupewe ule utaratibu wa barabara: ofisa asanifu kodi yetu, aikadirie, ailipe yeye mwenyewe kwanza, kisha sisi tutamrejeshea kwa miaka itakayokubaliwa, mkataba ukitiwa saini Dodoma mbele ya kamera, nasi tutakuja wote wanne kupiga makofi, ilimradi nauli ipatikane.

Ningependa kuendelea, kwa kuwa bado sijagusa mafuta ya lori wala ada ya soko, lakini mita imeanza kulia na namba yake nyekundu inaonyesha uniti mbili na nusu. Leo ni tarehe 28. Kodi ya Juni ilikwisha kukatwa kwa mama wa vitumbua, kwa hiyo atakayenunua kabla ya Jumatatu atapata umeme mtupu usio na jengo ndani yake, na nimesikia mlango wa kijana wa bodaboda ukifunguliwa polepole. Niwie radhi, naomba niishie hapa nimuwahi kwa wakala.

Wako mtiifu,
Mpangaji wa chumba cha pili kushoto,
Mgololo.